Nukta Katikati ya Ardhi ya Ten Uriam

Nei Akineti, na kwetu Nei ni Bi kama Ten alivyo Bwana, amefanya kazi katika ofisi ya ardhi ya kisiwa chetu miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hajachukua likizo isipokuwa alipojifungua. Msidhani ni bidii tupu. Hakuna mwingine anayejua ile kompyuta inataka nini ikigoma, na mwenyewe hana haraka ya kumfundisha mtu. Ukimuuliza atakwambia watu hawana subira. Mimi nasema ni uchoyo wa kazi, na nimeshamwambia usoni, akacheka, akaendelea kupangusa kioo kwa upindo wa khanga yake.

Ana miaka hamsini na miwili. Mumewe ni mgema, kila alfajiri yuko juu ya mnazi akiimba kwa sauti mbaya. Mchana Akineti anakula mezani pake, wali wa baridi na samaki wa chumvi, huku ameufungua ukurasa wa mipaka. Mtu kama huyo hapati sifa nyingi, lakini moja anayo, na hata wasiompenda wanaikubali: haandiki uongo. Shemeji yake alikuja siku moja kumwomba ausogeze mpaka wa minazi hatua mbili tu. Tena alimwomba kwa lile ombi letu la ndugu, ambalo ukikataa unaaibika wewe na ukoo wako. Akineti akafikiri, akasema, "Shemeji, omba kingine." Shemeji akaomba baiskeli. Akapewa baiskeli, na tangu hapo Nei Akineti anakwenda kazini kwa miguu.

Basi Jumatatu moja ililetwa barua kutoka Tarawa, makao makuu ya serikali. Orodha mpya ya ardhi itasomwa maneaba, ukumbi wetu wa mikutano, siku ya Ijumaa, watu wote wakiwa wamekaa. Kila ardhi itatajwa pamoja na mwenyewe na ukubwa wake, mashimo ya babai yakiwa yameshatolewa ndani yake, na kila shimo litatajwa pamoja na mwenyewe, ukubwa wake na kilichomo. Kisichotajwa siku hiyo kitahesabiwa ni sehemu ya ardhi inayokizunguka, na neno limekwisha.

Babai ni yale magimbi makubwa ya shimoni, na bila babai hakuna karamu kwetu. Shimo lina mwenyewe na ardhi inayolizunguka ina mwenyewe, na hao wawili huenda hata hawasalimiani. Shimo lilichimbwa na bibi yako kwa makombe ya chaza mpaka akayafikia maji matamu ya chini. Ardhi ya juu waliuziana au walipeana wengine huko. Ndivyo tunavyoishi.

Akineti aliiendesha hesabu, akatoa karatasi, akazihesabu. Mashimo ya kisiwa ni sitini na mawili. Kwenye karatasi yalikuwa sitini na moja.

Hakuhitaji muda mrefu kuliona lililokosekana. Lilikuwa la Nei Rotia, mjane, katikati ya ardhi ya Ten Uriam. Akaanza kuihoji kompyuta taratibu, kama anavyohojiwa mtu anayeshukiwa lakini bado anaheshimiwa. Aliiuliza: shimo la Rotia na ardhi ya Uriam, vinashirikiana wapi? Ikamrudishia nukta. Shimo lilikuwapo, basi. Akaiambia: toa shimo hilo katika ardhi hiyo. Ikamrudishia ardhi nzima ya Uriam, haikupungua hata punje. Akaiambia: viunganishe. Ikamrudishia ardhi ileile, nukta imemezwa.

Mashine haikukosea. Ardhi ina eneo. Njia iliyochorwa kwa mstari ina urefu tu. Nukta haina upana wala urefu, ina mahali tu, na ukiitoa mahali hapo hakuna kinachopungua. Akineti aliijua kanuni hiyo miaka mingi. Ndiyo maana ardhi mbili zinazogusana, ukiuliza zinashirikiana nini, unapewa mstari, na kwenye mstari huo hakuna hata mmoja anayeweza kupanda mnazi. Kwa vijia vya miguu kanuni hiyo ilimfaa kila mtu, maana kijia hakikumpunguzia mtu ardhi. Na mwisho wa hesabu programu ya Tarawa ilikuwa imeambiwa itupe kila kisicho na eneo. Ikatupa.

"Mchoree duara, dada, twende tukale," akasema Ten Kaiwa, karani wa baraza, mtu mwembamba asiyeweza kukaa mbele ya tatizo bila kulitania. "Nukta yako iko hapo. Izungushie duara la mita tano. Nani atajua?"

"Uriam atajua. Ana minazi mitatu ukingoni."

"Basi mita nne."

"Kaiwa, shimo limechimbwa na mama yake Rotia kwa mikono. Wewe unalipunguza kwa sababu una njaa?"

"Mimi nina njaa kweli," akasema Kaiwa. "Na nukta nani aliiweka?"

Akineti akarudi kwenye kioo chake. Nukta aliiweka yeye.

Mwaka ule alipoanza kazi, msichana wa vigingi na kamba, alitumwa kupima mashimo yote. Sasa nani kwetu anakwenda kuchungulia shimo la mwenzake? Namna ya kulisha babai, unalilisha majani gani na siku gani, ni siri ya nyumba, na anayetupia jicho shimo la mtu ni kama aliyeinua kifuniko cha chungu cha mtu. Basi Akineti alifika kwenye kila shimo, akageuza uso, akapigilia kigingi kimoja karibu na ukingo, akaandika, akaondoka. Bosi wake, mtu wa hukuhuku, alimsifu kwa adabu. Sitini na mawili, kigingi kimoja kimoja. Hakuna mpimaji wa nchi nyingine ambaye angepima hivyo.

Baadaye vilipokuja vile vidude vya satelaiti, wenye mashimo walikabidhiwa wazunguke kingo zao wenyewe, na nukta sitini na moja zikageuka maumbo yenye eneo. Nei Rotia mwaka huo alikuwa Tarawa akimuuguza mume. Alirudi bila mume, na nyonga imeharibika, na hakuna aliyemkumbusha. Hata Akineti hakumkumbusha. Hilo lilimchoma, na alikaa nalo mchana kutwa, wali haukulika.

Kesho yake alikwenda. Rotia anakaa mwisho wa kijiji, upande wa bahari kubwa, katika kibanda safi kisicho na mtoto wala mjukuu. Alikuwa barazani anasuka mkeka. Nyuma ya kibanda, kati ya minazi ya Uriam, lilionekana ua la makuti lililozunguka shimo, refu kuliko kimo cha mtu. Ua hilo lilikuwa na miaka mitatu, na maneno yaliyosemwa juu yake yangejaza mtumbwi. Kwamba bibi huyu amepata babai la ajabu. Kwamba majani yake yanapita paa. Kwamba ndiyo maana kila karamu analeta gimbi moja tu lililofungwa vizuri, anatubania.

Akineti akaketi chini, akaeleza yote tangu barua mpaka nukta, na hakuficha kwamba kosa ni lake.

"Kwa hiyo mashine yako haijui kwamba nina shimo," akasema Rotia.

"Inajua, mama. Inajua lilipo. Haijui lina ukubwa gani."

"Na kama inajua lilipo, kwa nini inampa Uriam?"

Akineti akautazama mkeka. "Nipe hiyo sindano yako." Akaidunga katikati ya mkeka, akaichomoa. "Umepungua?"

Bibi akapitisha kiganja juu yake. "Haujapungua. Na ukiniharibia mkeka utanilipa."

"Ndivyo mashine inavyoona. Nimeitobolea ardhi ya Uriam kwa sindano. Ili likatike, lazima nipite na kisu kuzunguka. Lazima mtu azunguke ukingo na kidude hiki, mpaka arudi alipoanzia."

Rotia akaacha kusuka. "Mimi nyonga hii haizunguki chochote."

"Nitazunguka mimi."

"Shimo la mama yangu halitazamwi."

"Sitatazama. Nitageuza uso nje, kama siku ile ya kigingi."

"Ulikuwa mwembamba siku ile," akasema Rotia. "Sasa hivi utaangukia ndani na mwili huo, nani atakutoa?"

Walicheka wote wawili, lakini cheko la bibi lilikatika mapema. Akatazama ua lake muda mrefu. Akineti aliona anaogopa, na hakuelewa anaogopa nini. Mtu anayenyang'anywa shimo, akiambiwa njia ya kuliokoa ipo, ungetegemea ashukuru. Huyu alikuwa amekunja mikono mapajani kama anasubiri kuchomwa sindano ya hospitali.

"Mama, Ijumaa ikipita sitakuwa na la kufanya. Hata nikilia."

"Njoo Alhamisi asubuhi," akasema Rotia mwishowe. "Peke yako. Huyo Kaiwa asije, mdomo wake hauna mlango."

Alhamisi kulikuwa shwari, bahari imelala. Rotia alitangulia na fimbo yake, akafungua upenyo kwenye ua, akakaa juu ya gogo la mnazi, mgongo kwa shimo. Akineti akaingia ubavu ubavu. Akakishika kidude kifuani, uso ameuelekeza kwenye makuti ya ua, akaanza kwenda hatua ya pembeni, hatua ya pembeni, kila baada ya hatua mbili anabonyeza. Kidude kinalia kidogo. Bibi kwenye gogo anahesabu milio kwa sauti, sijui kwa nini, labda ili asifikiri mambo mengine.

Ukingo ulikuwa umemomonyoka. Akineti alizunguka upande mrefu, akakata kona, akazunguka wa pili na wa tatu, jasho linamtiririka. Zilibaki hatua nne kufika alipoanzia. Na hatua hizo nne ndizo zilizokuwa kazi yenyewe, kwa sababu mstari usiofunga unabaki mstari, hata ukiwa mrefu namna gani. Hapo ndipo mchanga ulipomkatikia chini ya kisigino. Alikaa kitako kwa kishindo, miguu ikining'inia shimoni, na macho yake, ambayo hayakuomba ruhusa, yakatazama chini.

Hakukuwa na kitu. Hakuna jani hata moja. Maji ya kijivu yenye utando, vishina vimeoza vikawa kama sabuni iliyosahauliwa, na mstari mweupe wa chumvi kuzunguka ukuta wote wa shimo. Alitambua mara moja ni mwaka gani. Ni ule mwaka wa maji makubwa, bahari ilipopanda ikavuka njia, ikakaa siku mbili.

Kuna kingine alichokitambua. Rangi ile ya maji aliijua. Ilikuwa kwenye kona ya shimo la kwao, la mama yake, tangu mwaka jana, na kila Jumamosi alikuwa akijiambia ni ukungu tu wa majani. Kwenye orodha, mbele ya shimo la kwao, palipoandikwa kilichomo, aliandika mwenyewe: babai.

Nyuma yake kuhesabu kumekoma. "Umeona," akasema Rotia.

Akineti akainuka, akageuza uso, akaenda hatua nne zilizobaki, akabonyeza mara ya mwisho. Kisha akaja akaketi kwenye gogo karibu na bibi.

"Miaka mitatu, mwanangu," Rotia akasema, na machozi yakamtoka bila kelele. "Nimemwaga majani, nimeteka maji ya mvua kwa ndoo na nyonga hii. Kila mche unakufa. Lile gimbi ninaloleta karamuni analileta binamu yangu kwa meli, nalifunga upya usiku lisijulikane. Mama yangu alilisha watu mia kutoka shimo hili. Mimi nimeua."

"Hukuua wewe. Ni bahari."

"Watasema mimi. Wangekuwa wao, mimi ndivyo ningesema."

Akineti hakubisha, kwa sababu ni kweli. Ndivyo tungesema.

Mchana ule ofisini alivitia vipimo kwenye kompyuta. Umbo likafunga. Akaiambia tena: toa shimo hili katika ardhi ya Uriam. Safari hii ardhi ikarudi na tundu katikati, na shimo likatoka upande wake, mita za mraba mia moja na nane. Akaiambia iunganishe tena, ajaribu, na vipande viwili vikarudi vikakaa pamoja bila pengo. Alifurahi, nisiseme uongo, alipiga meza kiganja. Kisha akafika kwenye kile kisanduku: kilichomo.

Mashine ile ina namna mbili za kutokuwa na jibu, na Akineti anazijua vizuri kuliko majina ya wapwa zake. Moja ni "tupu", maana yake nimeangalia, hakuna kitu. Nyingine ni "haijulikani", maana yake hakuna aliyeniambia. Wasiojua wanazichanganya, na yeye amewagombeza makarani watatu kwa ajili hiyo. Akiandika "babai", anadanganya. Akiandika "tupu", kesho Kaiwa atalisoma mbele ya kisiwa kizima, na bibi atakuwa ameokolewa shimo lake na kuuawa papo hapo. Alikaa mpaka jua likaondoka dirishani. Mwisho akaandika "haijulikani". Alijiambia kwamba aliahidi kutotazama, kwa hiyo alichokiona si chake cha kuandika. Hakuridhika na maneno hayo, lakini aliyaacha.

Ijumaa maneaba ilijaa. Kila ukoo mahali pake, wazee mbele, sisi wengine nyuma, mikeka mipya imetandikwa. Kaiwa alisoma kwa mbwembwe, mtu angedhani yeye ndiye aliyeiumba ardhi. Baada ya saa moja akafika.

"Ardhi ya Ten Uriam, mita za mraba elfu tatu mia nne na kumi, shimo likiwa limetolewa."

Ten Uriam, mzee mpole mwenye masikio makubwa, akatikisa kichwa kukubali.

"Shimo la Nei Rotia, mia moja na nane. Kilichomo, haijulikani."

Watu wakacheka. "Hata kompyuta imeshindwa kuchungulia," mtu akasema, na mwingine akasema bibi huyu akifa atazikwa na siri yake. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Akineti, penye meza ya karatasi, alipumua. Shimo limetajwa. Limekuwa la Rotia mbele ya watu wote, na heshima yake imebaki, imezidi hata.

Kaiwa alikwisha kufungua mdomo asome linalofuata, ndipo fimbo ilipogonga sakafu. Rotia alikuwa anasimama. Kwetu wanawake hawasimami kusema wakati wazee hawajamaliza, lakini nani angemkalisha bibi wa miaka sabini na minane ambaye ameshainuka na nyonga ile?

"Mwanangu Akineti ameandika hivyo kunisitiri," akasema. "Amekaa miaka ishirini na saba bila kuandika uongo, sitaki aanze kwa ajili yangu. Shimo langu lina chumvi. Hakuna babai. Limekufa mwaka wa maji. Gimbi mnalokula si langu. Andika."

Hakuna aliyecheka. Akineti alikuwa na kalamu mkononi, karatasi mbele yake, na aliona kisanduku cha Rotia na kisanduku cha kwao kwenye ukurasa mmoja, mistari sita katikati. Akakata neno, akaandika "tupu". Kisha akashuka mistari sita, akakata "babai".

"Na la kwetu," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Shimo la mama yangu pia. Kona moja imekufa na nyingine inafuata. Niliandika uongo mwenyewe."

Mumewe akamtazama kama mtu aliyeamshwa kwenye usingizi. Akineti aliinamisha uso akasubiri kusemwa.

Aliyesema ni Ten Uriam. "Langu lile la kaskazini," akasema polepole. "Tangu mwaka ule." Kisha sauti kutoka upande wa kusini, bila mtu kusimama: "Letu pia." Kisha mwingine. Akineti aliandika haraka, akikata na kuandika, bila kuinua uso aone ni nani. Alipoacha, yalikuwa kumi na saba. Mashimo kumi na saba, na kila moja lina ua au mwenyewe anayegeuza mazungumzo, na kila mwenyewe alidhani ni mkono wake ulioua.

Rotia alikuwa bado amesimama. "Sasa niambieni," akasema, "yule ambaye lake halijafa, analilisha nini?"

Hilo ni swali ambalo halijawahi kuulizwa katika maneaba yetu tangu maneaba iwepo. Wazee walitazamana. Kisha bibi mmoja wa ukoo wa kusini, ambaye babai lake kila mtu alilionea wivu, akakohoa, akaanza kutaja majani, moja baada ya jingine, na siku za kuyatia. Akineti akaweka kalamu chini, akageuka kumtazama, akasikiliza.